Shibe ya Ziwa

Sahani ni nyeupe, ukubwa wa sinia ya chai.
Mama aliikata kwenye mlango wa friji bovu
mwaka ule nilipoanza shule,
akaitoboa, akaifunga kamba
yenye fundo kila nusu mita,
akaishusha ubavuni mwa boti, polepole.
Fundo la saba. La nane. La tisa,
na bado tuliiona huko chini,
kama mwezi uliodondoka ukakataa kuzimika.
La kumi na moja, ikatokomea.
Akalamba penseli, akaandika:
*Julai. Mita tano na nusu. Jua. Upepo wa kaskazini.*

Siku hizo ziwa la Hietajärvi lilikuwa na sakafu.
Nilizamia na miwani ya mpira nikaikuta:
majani ya sindano yamesimama mchangani
kama vinungunungu elfu wamelala,
na ule mmea mnyenyekevu unaojificha mwaka mzima
halafu Julai unapandisha shina moja, jembamba,
kuja kutungika kengele nyeupe juu ya maji.
Samaki wenye milia walitundika mayai yao
kwenye mabua, utepe mrefu wa lasi.
Vipovu vilipanda. Nilidhani majani yanacheka.

Veikko Rautiainen alikuwa na ng'ombe kumi na wanne,
kisha sitini, kisha mia mbili na deni la benki.
Simlaumu. Alituletea maziwa kipindi chote cha msiba.
Na kinamasi cha mlimani, nani alikichimba mitaro
ili misonobari ikue upesi?
Baba yangu, kwa koleo lake na ruzuku ya serikali,
akirudi jioni akipiga mluzi.
Maji yakaanza kushuka rangi ya chai ya rangi,
na samadi ikashuka na theluji ya masika,
na ziwa, ambalo halikuwahi kuomba chakula,
likalishwa.

Shibe mwana malevya.
Juu, vijimea visivyo na mzizi vikanenepa,
vikaelea, vikafunga dari ya kijani.
Chini, utelezi ukavaa kila jani
kama soksi iliyolowa.
Njaa mwana malegeza:
sindano zikapauka, zikalala ubavu,
zikiwa katikati ya karamu,
zimekosa kitu kimoja tu, nacho hakiliwi kwa kijiko.
Nuru.
Mizizi ikaachia mchanga. Tope likapata uhuru.
Sasa upepo mdogo tu, tope linapanda;
tope likipanda, nuru haifiki;
nuru isipofika, mzizi haushiki;
na mzizi usiposhika...
Nilimweleza hivyo bwana wa manispaa.
Akasema, naam, ndivyo ilivyo,
akaniomba nakala ya daftari la mama.

Hakuna aliyelia. Ziwa halifi kwa kishindo.
Mwaka mmoja tu kengele hazikupanda,
nasi tulikuwa na harusi, hatukugundua.

Leo asubuhi nimempakia mjukuu wangu, Saimi.
Ameshusha sahani kwa mikono miwili, ulimi nje.
Fundo la kwanza, imekuwa ya manjano.
La pili, haipo.
"Bibi, imepotea!"
Ipo, nimemwambia. Iko palepale unapoishika.
Macho yetu ndiyo yamefika mwisho.

Mtoto wa Veikko amepanda mierebi kando ya mtaro
na kuacha ukanda wa shamba bila mbolea,
hatua ishirini. Nimezihesabu, bila yeye kujua.
Wanasema mbegu hukaa topeni miaka mingi
zikisubiri mtu afungue pazia.
Wanasema. Mimi naandika ninachokiona:
*Julai. Mita moja. Mawingu.*

Kamba ni ileile ya mama.
Mafundo tisa yamelala miguuni pangu, makavu,
meupe kama siku yalipofungwa.
Saimi ameyaokota moja moja,
ameuliza haya ya nini.